Ombi la Kupakua Huletwa kwa Kiswahili

Kwenye akaunti yetu ya familia tuko watano: mimi, baba watoto na watoto watatu. Apple wanaruhusu watu sita, na aliyeianzisha ndiye anayelipia. Hivyo mtoto akitaka programu, hata ya bure, ombi linaingia kwenye simu yangu. Huenda niko ndani ya basi hapa Leicester, au nimelala baada ya zamu ya usiku. Linaingia tu.

Kukubali ni kubonyeza mara moja, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Ukishairuhusu programu, hata mtoto akiifuta leo, mwezi ujao anaweza kuirudisha bila wewe kuulizwa tena. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya ile "ndiyo" ya kwanza.

Kwetu ombi la simu peke yake halitoshi. Mwombaji anakuja mezani, anajieleza kwa Kiswahili: programu ni ya nini, ndani yake kuna vitu vya kununua, mtu asiyemjua anaweza kumwandikia? Wa kati, mwenye miaka 11, shuleni Kiswahili hakitamki kabisa. Lakini kwa ajili ya mchezo nimemsikia chumbani akirudia maneno kama mtu anayejiandaa kwa usaili. "Mama, mchezo hii..." Dada yake akadakia, "Mchezo huu!" Akaanza upya, na akakiri mwenyewe kwamba ndani wanauza sarafu. Mchezo aliupata. Kununua sarafu nilikufunga kwenye mipangilio.

Gumu lilikuwa WhatsApp. Umri wao ni miaka 13, nikakataa. Kijana akatafuta wakili: bibi yake, Tanga.

"Mwanangu, mbona unaninyima mjukuu wangu?" mama akaniuliza. "Kiswahili chenyewe anajifunza kwangu."

Hapo alinigusa, maana ni kweli. Kwa simu yangu huzungumza naye Jumamosi tu, nami nimekaa pembeni nasikiliza kila neno. Nikamweleza habari ya umri, na kwamba shida si yeye, ni makundi ya wenzake ambayo yangefuata. Akanyamaza kidogo.

"Haya. Hiyo miaka miwili atumie simu yako, na iwe kila siku akitoka shule. Ila wewe, mwanangu, utoke chumbani."

Sasa natoka.