Siku 4 na wasukuma baiskeli, toka Salamabila mpaka Kasongo

 

Katika likizo sisi watano wa chama, walimu wawili na wamama watatu wa soko, tulitoka Salamabila mpaka Kasongo pamoja na wasukuma baiskeli. Tulitaka kujua bei ya sabuni na ya madaftari kule, lakini zaidi tulitaka kuona kwa macho yetu safari ambayo waume, kaka na watoto wetu wanaifanya mara kwa mara. Tulikuwa na baiskeli 2 zenye mizigo yetu. Wawili wakishika baiskeli, watatu walitembea, kisha tukapokezana. Tulitumia siku 4.

Huko Rwanda, kwa jirani zetu, tangu 2020 kuna mashindano yanayoitwa Race Around Rwanda. Wapanda baiskeli wanazunguka nchi ile ya vilima, karibu kilometa 1,000, na sehemu nyingine ni njia za udongo. Hakuna gari la kuwafuata na chakula wala fundi. Kila mtu anabeba vyake, ananunua chakula njiani kama msafiri yeyote, na saa haisimami akilala. Mwezi wa 9 mwaka 2025, Kigali ilipokea pia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza katika Afrika. Watu wamewasifu wapanda baiskeli hao, na wanastahili. Lakini sisi tuliotoka barabarani tunasema: watu wa nguvu kama hizo tunao nyumbani, tunawapikia bugali kila jioni, ila hakuna anayewahesabia kilometa.

Njia za kwetu ni za zamani. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani, ikavuka ziwa toka Ujiji, ikapita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Ndiyo njia iliyotuletea Kiswahili hiki tunachosema. Wapagazi walibeba pembe za ndovu na vitambaa. Wengi walikuwa watumwa, na wanawake nao walibeba, mtoto akiwa mgongoni. Leo mzigo umetoka begani umeingia kwenye baiskeli, lakini barabara bado inakula miguu.

Mama ambaye hajaiona baiskeli hiyo kwa karibu, aitazame vizuri. Pedali zimetolewa, maana hakuna wa kuipanda. Fimbo ndefu imefungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akiwa pembeni, na nyingine imesimama nyuma ya kiti kwa kusukuma. Juu yake kuna magunia ya mchele au karanga, na bidoni za mafuta ya mawese, mara nyingi zaidi ya kilo 100. Kupanda kilima ni kazi ya watu wawili au watatu kwa baiskeli moja: wanapandisha ya kwanza, wanarudi chini kuchukua ya pili. Kushuka ni kubaya zaidi. Breki za dukani haziwezi uzito ule, kwa hiyo mtu anarudi nyuma na mwili wake wote, visigino vikilima udongo.

Siku ya kwanza tulidhani wenye haraka ndio watakaofika kwanza. Haikuwa hivyo. Mzee aliyeongoza msafara alisimamisha watu kabla hawajachoka. Kila kivuli kizuri, maji kidogo. Kila kijiji, kitu cha kutafuna: ndizi, muhogo, karanga. Saa kumi na moja jioni alitafuta mahali pa kulala, hata kama jua lilikuwa bado. Vijana wawili walituacha wakicheka, na siku ya pili tuliwakuta wameketi kando ya njia, miguu imekazana. Mzee hakuwagombeza. Alituambia sisi tu: «Mama mwalimu, ukingoja kiu, umechelewa.» Hata wale wa Rwanda, ambao saa yao haisimami, lazima wajue wakati wa kula na wa kulala. Asiyejua anaishia njiani.

Siku ya tatu, kwenye mteremko wenye mawe, baiskeli ya kijana mmoja ilimshinda. Ilimburuta, ikaanguka, na goti lake likachanika. Kijana huyo hajafika miaka 15. Mwaka jana alikuwa darasani mwetu. Tulipomsafisha kwa maji na sabuni tulimuuliza alikula nini asubuhi. Hakula kitu. Alikuwa anaweka akiba ya pesa za chakula ili amletee mama yake kitenge. Wanaume wanne waligawana mzigo wake bila maneno, na sisi tukamchukulia mfuko wake. Alituomba tusimwambie mama. Tuliporudi alimwambia mwenyewe, sisi tukiwa tumeketi naye. Mama alinyamaza sana, kisha akauliza: «Ilikuwa kilo ngapi?» Hakuwahi kujua.

Ndiyo sababu tunaandika. Barabara hatuwezi kuitengeneza sisi wamama. Lakini kila mzigo unaanzia uani kwetu, na pale tuna neno.

Kwanza, uzito. Uliza kilo ngapi kabla magunia hayajafungwa. Kilo 20 zikibaki kwa safari ijayo, hazijapotea.

Pili, watoto. Serikali ilitangaza masomo ya msingi kuwa bure tangu 2019, lakini mtoto aliye kilimani hayuko darasani. Kijana wa umri ule asaidie mizigo midogo karibu na nyumbani, wakati wa likizo. Safari ya Kasongo iachiwe watu wazima.

Tatu, tumbo. Mtu asitoke na njaa. Bugali na sombe kabla ya safari, na karanga za kukaanga mfukoni. Maji yachemshwe na yawe kwenye bidoni safi. Akiharisha njiani, achanganye litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Vifungeni kabisa, sukari na chumvi, kwenye karatasi.

Nne, breki na kidonda. Kipande cha tairi kuukuu kikifungwa vizuri karibu na gurudumu la nyuma kinaweza kuokoa goti. Sabuni na kitambaa safi visikose katika mfuko.

Tunapendekeza pia likelemba ya mwezi ujao itenge sehemu ndogo kwa tairi na breki za jamaa ambazo hazina uwezo. Jumamosi baada ya mkutano, fundi wa baiskeli atatuonyesha namna ya kufunga breki ile ya tairi. Njooni na vijana wenu, na mabinti pia, maana sisi watano tumesukuma mpaka Kasongo na tumerudi. Na kila mmoja aje akijua kilo za mzigo wa mwisho uliotoka nyumbani kwake.