Siti ya biashara: tuanze na telefoni ao na ordinatere?



Katika kartie zetu za kazi, watu wanakuja kwa mchungaji juu ya ndoa, juu ya mtoto mgonjwa, ao juu ya kazi iliyokwisha. Siku hizi shauri lingine limeongezeka: siti ya intaneti, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita tovuti. "Pasta, kijana anataka kunitengenezea siti ya biashara. Nifanye namna gani?" Usicheke. Nyuma ya ulizo hili kuna feza ya nyumba.

Nitakuambia habari ya bwana na bibi wa hapa kwetu Kolwezi. Bwana alikuwa anatumika katika kampani ya mine. Kontra yake ikaisha, haikufanywa tena. Bibi ni fundi wa kushona. Wakaanza kushona salopeti za kazi, na kuuza pamoja nazo bote na kaske. Feza iliyowabakia ilikuwa kidogo, na nusu yake ilikuwa minervali ya watoto. Fundi wa siti akawaonyesha mfano wake kwenye ordinatere kubwa: picha inayojaza kioo chote, maandishi yanayotembea, na vichwa 12 vya kuchagua pale juu. Ilikuwa nzuri kweli. Lakini bibi akauliza neno moja tu: "Kliyan wangu ataiona wapi?"

Hapo njo mahali shauri lote linaanzia.

Tufikiri pamoja. Kwetu watu wengi waliingia intaneti kwa njia ya telefoni. Hawakupitia kwanza kwenye ordinatere. Umeme ukikatika, ordinatere ya meza inazimika, lakini telefoni iko mfukoni na betri yake. Hata feza inapita mle: M-Pesa ilifika Kongo mwaka 2012, na leo mtu analipa bila kukanyaga benki. Kliyan anakutafuta akiwa kwenye bisi, sokoni, ao mbele ya mlango wa mine.

Wazo la kuanza na telefoni si la jana. Mmarekani mmoja, Luke Wroblewski, alilieleza katika kitabu chake Mobile First, mwaka 2011. Anaonyesha kwamba kioo kidogo kinakulazimisha kuchagua. Vitu vyote havienei, basi unaweka kwanza kile mtu alikuja kutafuta. Mwaka uliotangulia, 2010, Ethan Marcotte alikuwa amekwisha kuonyesha namna ukurasa mmoja unaweza kujikunja ao kujipanua kufuata ukubwa wa kioo. Kwa hiyo usikubali mtu akuuzie siti mbili, moja ya telefoni na moja ya ordinatere. Hizo ni nyumba mbili za kufagia: bei ikibadilika, moja utaisahau.

Tena kuna Google, ambako watu wanatafuta. Mwaka 2016 ilitangaza kwamba itasoma siti kwanza namna inavyoonekana katika telefoni, na kazi hiyo ilikwisha mwaka 2024. Maana yake, kitu ulichoficha katika sura ya telefoni Google inaweza kukosa kukihesabu, hata kama kinang'aa kwenye ordinatere.

Sasa tufanye hesabu ya mega. Picha moja iliyotoka moja kwa moja katika telefoni nzuri inaweza kuwa na mega 4. Weka picha 10 za salopeti: mega 40. Mtu aliyenunua mega 100 ataona karibu nusu ya feza yake imekwenda kwa kuangalia nguo tu. Atafunga kabla hajaona bei. Fundi akipunguza kila picha kufika sehemu moja ya kumi ya mega, zote 10 zitakuwa mega 1. Kwa fundi ni kazi ya saa moja. Kwa kliyan ni kubaki ao kukimbia.

Lakini kuna neno la upande wa pili, na bwana alilisema vizuri: "Kampani hazinunui na telefoni. Mnunuzi wao anakaa ofisini mbele ya ordinatere, anataka orodha ya taye, bei na devi ya kuchapa." Ni kweli. Salopeti 200 za kampani moja zinapita mwezi mzima wa kuuza mojamoja.

Basi wakafanya jambo la akili. Hawakugombana, walichukua kaye. Mwezi mzima waliandika kila kliyan: alisikia wapi habari yao, na alikuwa na nini mkononi. Wadogo wote walikuwa na telefoni, hilo walilijua. Lakini wakaona tena kwamba hata devi za ofisini zilianza katika telefoni. Shefu wa ekipi aliona picha, akaituma kwa mnunuzi kwa WhatsApp, huyu akaifungua kwenye telefoni yake, kisha tu akaenda kwenye ordinatere. Telefoni ilikuwa mlango wa wote wawili. Ordinatere ilikuwa meza ya mmoja.

Wakaamua: kurasa za telefoni kwanza, zenye picha, bei, mahali na namba, kisha orodha kubwa ya taye kwa ajili ya ofisi. Wakamlipa fundi kwa sehemu, kipande kikiisha ndipo feza inatoka. Minervali haikuguswa.

Wewe pia, mbele ya kulipa, fanya hivi. Kamata telefoni ya bei ya chini kuliko zote nyumbani, toka nje kwenye jua, fungua siti kwa mega zako mwenyewe. Je, bei inaonekana bila kukuza maandishi? Je, ukigusa namba, telefoni inaita? Mahali pa kugusa pawe panatosha kidole. Google inashauri karibu milimita 9. Kisha nenda kwenye ordinatere uone kama orodha inajipanua vizuri.

Na kama kaye yako inakuonyesha kwamba kliyan wako wote wanakaa ofisini, kwa mfano unawafanyia kampani hesabu zao, basi anza na ordinatere bila haya, lakini angalia siti isivunjike katika telefoni. Usiamue kwa uzuri wa kioo cha fundi. Mwezi mmoja wa kuandika ni kalamu moja na kaye moja. Siti isiyofunguka inakula karo ya mtoto.