Hema, uyoga na pua ya jirani

Nilipotea kidogo, lakini sikuwa nimelala. Leo nawaletea kisa kilichonipata hapa Kapsoya, Eldoret. Ndani yake kuna vihisi, msimbo na fizikia ya sekondari, na nusura nifukuzwe nyumba.

Jumapili moja jioni, Februari 2025, msimamizi wa ploti alinibishia mlango. Nikamkaribisha kiti, akakataa kuketi.

"Kijana, hapo chumba cha pili kuna nini?"

"Ni uyoga, mzee."

Akatazama mwanga wa zambarau uliokuwa ukipenya chini ya mlango. Akasikiliza feni. Akavuta hewa kwa pua.

"Uyoga gani huu unaota kwa disko?"

Nikafungua zipu ya hema nimwonyeshe. Akaiona mifuko ya mabua ya ngano ikining'inia kwenye ukungu, akatikisa kichwa. Akaniambia mama wa mlango wa kando amelalamika harufu, watu wameanza kusema ni bangi, na yeye hataki landrova ya polisi ije kwa ploti. Nina wiki mbili: harufu iishe ama nihame.

Niliudhika sana, lakini nikijiweka mahali pake sikumlaumu. Bangi imekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na hema za aina hii, zenye kitambaa cha fedha ndani, feni na chujio la mkaa, zilipata umaarufu Ulaya na Marekani hasa kwa watu wanaokuza mmea huo ndani ya nyumba. Yangu nilikuwa nimeinunua ikiwa imetumika, kwa jamaa aliyekuwa akikuzia miche ya letusi. Taa ya zambarau ilikuja nayo. Uyoga hauihitaji hata kidogo, mwanga hafifu wa dirishani unatosha, lakini niliiwasha kwa sababu ilipendeza machoni. Hilo ni kosa langu namba moja.

Mbona uyoga? Kandarasi yangu ya kuandika programu ilikatika Desemba 2024. Nilikuwa na chumba cha ziada, na Uasin Gishu ni nchi ya ngano, kwa hiyo mabua hayana thamani kubwa baada ya mavuno. Nilitoa magunia mawili Moiben. Mbegu nikaagiza Juja, kwa watu wa JKUAT, zikaja kwa basi zikiwa kwenye nafaka zilizofunikwa nyuzi nyeupe. Mabua unayakatakata, unayapasha kwenye pipa la maji moto (nyuzi 70 hivi kwa saa moja na ushei), unachuja, unachanganya na mbegu, unafunga mifukoni. Wiki tatu gizani, kisha mifuko inaingia hemani kutoa uyoga. Huu ni ule wa kofia pana kama sikio, unaoitwa oista sokoni. Nilikuwa nimeshapata wateja wa robo kilo robo kilo, na mkahawa mmoja ulikuwa umeniahidi oda ya kila wiki.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe.

Uyoga wa aina hii unataka unyevu wa asilimia 85 hadi 95, na wakati huo huo unataka hewa safi. Unapumua kama sisi: unavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, yaani CO2. CO2 ikipita sehemu elfu moja hivi kwa kila milioni, uyoga unadhani bado uko chini ya gogo, unarefusha shina kutafuta hewa na unasahau kutengeneza kofia. Ukileta hewa safi, unyevu unatoka nayo. Ukizuia unyevu usitoke, hewa inachafuka. Na chochote kinachotoka hemani kinatoka na harufu yake. Mambo matatu, kamba moja, kila mmoja anavuta upande wake.

Programu yangu ya kwanza, kwenye bodi ya ESP8266, ilikuwa na amri mbili tu. Unyevu ukishuka chini ya 85, washa mashine ya ukungu. Ukipita 92, washa feni. Mtu yeyote aliyesoma kompyuta angeandika hivyo hivyo. Mchana ilifanya kazi vizuri. Asubuhi nilikuta vichwa vidogo vya uyoga vimekauka vikawa vya kahawia, na huku skrini ikiniambia usiku kucha unyevu ulikuwa asilimia 99.9!

Tatizo lilikuwa kihisi cha DHT22. Usiku wa Kapsoya ni baridi, tuko mita kama 2,100 juu ya bahari, na ukungu uligeuka matone juu ya kihisi chenyewe. Kikilowa kinaganda kwenye 99.9. Feni nayo, mtumishi mwaminifu, ikazunguka hadi asubuhi ikivuta hewa ya nje.

"Lakini hewa ya nje usiku ina unyevu mwingi," nilijiambia. Hapa ndipo asilimia ilinidanganya. Asilimia ya unyevu ni sehemu ya kile ambacho hewa ingeweza kubeba kwa joto lile, na hewa baridi hubeba maji kidogo sana. Ukitaka ukweli hesabu gramu. Fomula hii hapa, inakaa kwenye mstari mmoja wa msimbo, T ikiwa joto kwa selsiasi na U unyevu kwa asilimia:

gramu = 216.7 × (U/100) × 6.112 × exp(17.62×T / (243.12+T)) / (273.15+T)

Hewa ya nje saa tisa usiku, nyuzi 10 na unyevu 95, ina gramu 8.9 za maji kwa kila mita ya ujazo. Iingize hemani penye nyuzi 20 na unyevu wake unakuwa karibu asilimia 50 tu, bila tone hata moja kupotea. Sasa chukua alasiri kavu ya Januari, nyuzi 25 na unyevu 35: gramu 8. Yaani ule usiku unaotia baridi mifupani na ile alasiri inayopasua midomo vina karibu maji yale yale! Nilirudia hesabu mara tatu kabla ya kukubali. Kituo cha hali ya hewa kiko hapa hapa Kapsoya na mimi nilikuwa sijui hewa ya mtaa wangu mwenyewe.

Hemani ninahitaji gramu 15.5. Kila mita ya ujazo inayoingia basi inadaiwa gramu 6.6. Hema langu ni mita za ujazo 3, nikibadilisha hewa yote mara nne kwa saa ni mita 12, ni gramu 79 kwa saa, karibu lita 2 za maji kwa siku. Mashine yangu ya ukungu ilikuwa na tangi la lita moja na nusu. Hesabu ya dakika tano ambayo ingeniokoa mwezi mzima.

Nilikuwa nimefika hapo, nimebadilisha kihisi nikaweka SHT31 (kina kijoto kidogo ndani cha kujikaushia), wakati yule mzee alipobisha hodi. Basi nikafanya nini? Nikaacha hesabu zote nikaziba hema. Kweli. Nikabandika tepu kwenye matundu, feni nikaipa dakika mbili kwa saa, na mlangoni mwa bomba nikafunga chujio la mkaa lililotoka Nairobi kwa pesa ambazo sikuwa nazo. Nilijiambia CO2 ikizidi nitaona, maana kihisi cha MH-Z19B kipo.

Skrini ikasema 450. Siku ya pili 520. Wiki ikaisha, haikuwahi kupita 650. Nikajipongeza. Lakini uyoga ulikuwa ukitoka na mashina marefu kama vidole na kofia ndogo kama vifungo vya shati. Nikalaumu mbegu. Nikalaumu mabua. Nikapeleka kilo moja mkahawani, mpishi akageuza kifuko mara mbili akauliza kama ni uyoga ama ni mizizi. Oda ikaishia hapo.

Rafiki yangu tuliyesoma naye aliniazima kihisi chake kama hicho. Nikakiweka kwanza dirishani, kikatulia, kisha nikakiingiza hemani kando ya changu. Changu: 560. Chake: 1,900.

Ndugu zangu, soma maelezo ya kifaa hadi ukurasa wa mwisho. Kihisi hiki kimetengenezwa kwa ofisi na nyumba. Kikiachwa kama kilivyotoka kiwandani, kila baada ya saa 24 kinachukua kipimo cha chini kabisa kilichoona na kudhani hiyo ndiyo hewa safi ya nje, 400. Ofisini ni sawa, maana usiku watu huenda nyumbani. Hemani mwangu uyoga hauendi nyumbani. Kila siku kilikuwa kikiuchukua uchafu na kuubatiza hewa safi. Data yangu ilikuwa nzuri, grafu ilikuwa laini, na yote ilikuwa uongo. Kilichosema kweli ni yale mashina.

Dawa ni amri moja ya baiti tisa, FF 01 79 00 00 00 00 00 86, inayozima tabia hiyo. Mimi huituma kila bodi inapowaka. Kisha kitoe nje alfajiri, kiache dakika 20, ushikize pini ya HD kwenye ardhi ya saketi kwa zaidi ya sekunde 7, kijue 400 ni nini. Hewa ya dunia leo imepita 420 lakini tofauti hiyo uyoga hauijali. Kwa sisi wa nyanda za juu hatua hii ni muhimu zaidi, kwa kuwa kihisi huhesabu molekuli zinazokatiza mwanga wake, na huku kwetu hewa ni nyepesi kwa kiasi cha moja ya tano kuliko Mombasa. Ukitumia namba za pwani ukiwa Eldoret unajipunja.

Msimbo nao nikauandika upya. Feni sasa inamtii CO2 peke yake. Haiulizi unyevu. Ikimaliza kuzunguka, programu inapiga hesabu ni mita ngapi za hewa zimeingia, zinadaiwa gramu ngapi, na mashine ya ukungu inalipa deni hilo kisha inanyamaza. Zile amri mbili za zamani zilikuwa zikigombana kama mafahali wawili zizini.

Na harufu? Nilifungua chujio. Mkaa ulikuwa umelowa. Mkaa wa kuchuja hunasa harufu kwenye vitundu vyake vidogo, na unyevu ukipita asilimia 70 hivi maji huanza kuvijaza vitundu hivyo, harufu ikakosa pa kuketi. Nilikuwa nimeufunga mahali penye asilimia 90! Nikaacha kuhangaika na chujio nikaanza kunusa mfuko mmoja mmoja. Mifuko mitatu ya chini ilikuwa na maji yaliyotuama, mabua yamechacha, mmoja una ukungu wa kijani. Uyoga mzima una harufu tamu hafifu. Kilichonuka ni uozo wangu. Nikaitoa, nikatoboa mingine kwa chini maji yachuruzike, na siku mbili baadaye chumba kilinuka kama ghala la ngano, basi.

Nikaenda kwa mama wa mlango wa kando na kifuko cha uyoga, nimejiandaa kumweleza kwamba si bangi. Nikapiga hodi. "Shikamoo mama, ni mimi wa hapa kando. Nimekuja kuhusu ile harufu." Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia hajawahi kutaja bangi kwa mtu. Yeye alisema tu kuna vumbi jeupe linaingia dirishani kwake, na mtoto wake wa miezi minne anakohoa usiku.

Bomba langu lilikuwa linatazama dirisha lake. Uyoga ukiachwa ukomae hadi kofia inyooke hutoa spora kwa mamilioni, unga mweupe mwepesi kuliko vumbi. Wafanyakazi wa mashamba ya uyoga huugua mapafu kwa kuuvuta muda mrefu, jambo linalojulikana na madaktari tangu zamani. Mimi mwenyewe nilikuwa navaa barakoa nikiingia hemani. Sikuwahi kujiuliza bomba linapeleka wapi kile ninachokikwepa. Sijui kama ndicho kilichomkohoza mtoto. Kapsoya ina baridi na watoto hukohoa. Lakini vumbi lilikuwa langu, na nililielekeza pale kwa mkono wangu.

Siku hiyo hiyo nilizima feni, na sikuiwasha hadi fundi alipopandisha bomba kupita mabati, likatazama upande wa barabara. Mdomoni mwake nikaweka sponji ya kuoshwa. Uyoga navuna mapema, ukingo wa kofia ukiwa bado umejikunja, uzito unapungua kidogo lakini vumbi halipo. Taa ya zambarau nimempa kijana wa chini anayefanya video.

Msimamizi alirudi siku ya kumi na nne kama alivyoahidi. Alisimama kwenye korido akavuta hewa, akaenda kubisha mlango wa kando kwanza, wakaongea kwa sauti ya chini. Kwangu hakuingia. Alipita tu akisema niangalie bili ya maji.

Juzi stima ilipotea saa nane usiku. Niliamka kwa sababu ya ukimya, feni ikizima unasikia. Nikatafuta tochi, nikavaa barakoa, nikafungua zipu ya hema na kuanza kupepea kwa jalada la tarakilishi iliyokufa.