Kujifunza Kutembea Upya: Funzo kwa Mwalimu

Sisi wakufunzi huwaambia wanachuo kila mwaka kwamba mtu hujifunza kwa kutenda. Kanuni hiyo tuliishuhudia nje ya darasa, wilayani Ngara, kwa mwalimu mstaafu aliyepatwa na kiharusi.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ubongoni. Nusu ya kushoto ya ubongo ikiumia, upande wa kulia wa mwili hulegea. Mguu wenyewe ni mzima. Kilichokatika ni amri iendayo kwake. Sehemu za ubongo zilizosalimika zaweza kujifunza kazi hiyo, lakini kwa mazoezi mengi.

Aliporudi kutoka hospitali, jamaa zake walimbeba kwa huruma hadi kivulini. Mkewe, aliyekuwa ameelekezwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, aliwazuia: "Mwacheni Mwalimu asimame mwenyewe."

Mazoezi yalipangwa kama somo, kutoka jepesi hadi gumu. Kwanza, kuketi wima bila kuegemea. Pili, kuinuka kitini: miguu huvutwa nyuma, kifua huinamishwa mbele, ndipo mtu husimama, tendo hilo lilirudiwa mara nyingi kila siku. Tatu, kusimama kando ya meza na kuuhamishia mguu dhaifu uzito wa mwili kidogo kidogo. Nne, kupiga hatua uani penye usawa, na mwisho kwenye mteremko, kwani Ngara ni nchi ya vilima. Fimbo hushikwa kwa mkono wenye nguvu. Msaidizi husimama upande dhaifu, tayari kumdaka kiunoni. Hauvuti mkono uliolegea, maana bega huweza kuteguka.

Baada ya miezi kadhaa alifika chooni bila kushikwa. Hakupona kabisa, lakini heshima yake ya mtu mzima ilimrudia.

Baadaye, katika shule moja ya Biharamulo, tulimwona mwanachuo akimnyang'anya mtoto kalamu na kumwandikia jibu la hesabu. Naye alitenda kwa huruma, na mtoto hakujifunza kitu.

Hivyo, mwalimu mwanafunzi, uandaapo somo, jiulize ni hatua ipi mtoto aweza kuipiga leo. Simama karibu asianguke, wala usimbebe. Na nyumbani kwako, mtu akipinda uso au kulegea upande mmoja ghafula, mpeleke hospitali mara moja.