Chuma kisichoshika kutu kinaposhika kutu

Nimepotea kidogo, zamu za usiku zimenibana. Leo siongelei baridi wala bili ya gesi, naongelea chuma.

Niko Sheffield, Uingereza, mji uliotajirika kwa chuma. Hapa ndipo Harry Brearley, mwaka 1913, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, alipoyeyusha chuma chenye kromiamu kama asilimia 13 na kukuta hakishiki kutu kirahisi. Mimi muuguzi wa chumba cha upasuaji nakishika kila siku: mikasi, koleo, trei, meza.

Sasa mdogo wangu ana karakana Gerezani, Dar es Salaam. Anatengeneza meza na masinki ya jikoni kwa chuma hicho hicho, stenlesi. Mtaji ulitoka kwenye zamu zangu, na dawa za mama zinatoka kwenye karakana ile. Juzi mwenye mgahawa mmoja kamkatalia meza nne. Zimetoa madoa ya kahawia kabla hazijafika jikoni! "Dada, wameniuzia feki," akaniandikia, tayari anataka kwenda kugombana na muuza mabati.

Nikamwambia tulia, nitumie picha kwanza. Kutu ilikaa kwa mistari, sawasawa na nondo za rafu alikoegesha mabati. Upande unaotazama grenda kulikuwa na vitone vidogo vidogo, kama surua. Jamani, bati likiwa bovu lenyewe, kutu haichagui mahali namna hiyo.

Ni hivi. Stenlesi inalindwa na ngozi nyembamba mno ya kromiamu na oksijeni, jicho haliioni. Ikikwaruzwa, hewa inaiponya. Lakini chembe za chuma cha kawaida zikigandamizwa juu yake, au cheche za grenda zikitua, chembe zile zinashika kutu na kushikilia unyevu, na ngozi chini yake inaweza kuharibika. Ongeza chumvi ya upepo wa bahari ya Dar, basi shida inazidi.

Kazini tunalijua hili. Kifaa kimoja kikionyesha kutu tunakitoa kwenye seti, maana kinaweza kuwachafua wenzake ndani ya mashine ya mvuke. Vifaa hatuviloweki kwenye maji ya chumvi ya dripu. Hata mopu zina rangi: nyekundu vyooni, kijani jikoni, njano kwa wagonjwa waliotengwa, buluu kwingineko. Nikamwambia, mdogo wangu, chuma cha kawaida ndiye mgonjwa wako wa kuambukiza. Mtenge.

Tukakubaliana hivi:

- Stenlesi ikae rafu yake, mbali na grenda na mashine ya kulehemu chuma cha kawaida.
- Nondo za rafu zivikwe mbao au mpira. Bati lisiguse chuma cha kawaida wala sakafu.
- Lisiburuzwe, na lisifungwe kwa mnyororo. Tumia mikanda ya kitambaa.
- Brashi za waya ziwe za stenlesi. Brashi, mawe ya grenda na misasa ya stenlesi visiguse chuma kingine. Mipini ipakwe rangi ya buluu ili kijana asikosee.
- Lifunikwe, likae pakavu. Karatasi ya nailoni ibaki mpaka siku ya kazi, ila bati lisianikwe juani nayo, itagandia.
- Steelwool ya kawaida na jiki ni marufuku.

Meza zile alizisugua kwa pedi mpya, akapaka asidi ya sitriki, akasuuza vizuri. Halafu akazilowanisha kwa maji safi na kuziacha usiku kucha. Asubuhi tatu zilikuwa safi, moja ilitoa vitone ikarudiwa. Mteja kazichukua zote, ila kakata sehemu ya bei, na hela hiyo haitarudi.

Vijana wake wanamnung'unikia: eti karakana imekuwa wodi, kila kitu na mahali pake. Mimi nasema wanung'unike tu, ilimradi rangi ya buluu isivuke mstari. Bati la stenlesi ni ghali kuliko la kawaida, na ukilihifadhi vibaya umelilipia bure.

Mafundi mlioko nyumbani, Muscat na kwingineko kwenye upepo wa chumvi, nyie mnahifadhije? Semeni, nitamfikishia.