Kutoka Chumvi na Moshi hadi Konjelateri

Utotoni mwangu, nyumbani kwetu hapa Lubumbashi, samaki alihifadhiwa kwa chumvi, jua au moshi. Samaki wa Luapula walitufikia kutoka Kasenga wakiwa wamekwisha kukaushwa, na kapenta walikaa kwenye gunia jikoni. Nyama mbichi ililiwa na bukari siku ileile iliyonunuliwa. Aliyetaka barafu alikwenda kuinunua kwa jirani mwenye frigo.

Kilichobadilisha mambo ni katoni. Samaki wa bahari wa Namibia walipozidi kuingia kupitia Kasumbalesa, wakiwa wameganda, mama aliona kwamba katoni nzima ni nafuu kuliko kununua mmojammoja. Lakini katoni inahitaji pa kulala. Ndipo konjelateri ikaanza kuzungumzwa kwetu.

Yaya, mkubwa wangu, alitaka ile ya kusimama, yenye mlango wa mbele na droo, kwa sababu haili nafasi na kila kitu kinaonekana. Mama alishikilia ile ya kulala, yenye mfuniko juu. “Mwanangu, hii ukiifungua baridi inabaki ndani,” alimwambia. Alisema kweli: hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, hivyo hukaa chini, na mlango wa mbele ukifunguliwa, inamwagika sakafuni.

Wakati huo tuliulizana hasa inaingiza katoni ngapi. Leo swali la kwanza ni jingine: umeme ukikatika, itashika baridi mpaka lini? Inaniuma kuliuliza katika Katanga. Mwadingusha inatoa umeme wa mto Lufira tangu 1930. Nzilo na Nseke zikafuata kwenye Lualaba. Na mwaka 1982 ukakamilika mstari wa umeme wa kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi. Umeme huo ulikusudiwa kwanza migodi ya shaba. Familia nazo zina chakula cha kulinda.

Kwa hiyo tumejifunza kuchagua upya. Tunatazama unene wa kuta. Tunabana karatasi kwenye mfuniko: ikichomoka kirahisi, mpira haufungi vizuri. Regulateri tunaihesabu ndani ya bei, maana umeme unaorudi kwa nguvu huunguza mota. Wala hatukimbilii kubwa kupita mahitaji: konjelateri iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu, saa 24. Nafasi iliyobaki mama huijaza chupa za maji yaliyoganda.

Mdogo wangu anapojiandaa kuhamia kwake, ameniomba nimsindikize dukani. Nimemwambia aanze kwa majirani wa avenyu yake mpya, awaulize umeme unakuja saa ngapi na unakaa muda gani. Akipata jibu hilo, kuchagua hakutamsumbua. Na kapenta wakavu asiache kununua.