Simu ya Tajiri Imebadilika

Mimi ni dereva wa basi la mkoani, ruti ya Dar es Salaam na Mbeya, na nimeanza kazi hii enzi mabasi yakipakia Ubungo. Nashuhudia jambo ambalo madereva wengi wa rika langu hawapendi kulisema mbele ya wenzao: ukomo wa kilomita 80 kwa saa umenipa amani kazini. Enzi zile, dereva ambaye angetamka hivyo kijiweni asingepata wa kunywa naye chai.

Hata hivyo, manung'uniko ya madereva hayakuzuka hewani. Kibao cha 50 utakikuta mwanzo wa kijiji, kimenyooka. Kibao cha kuimaliza hiyo 50 ndicho cha kutafuta kwa tochi: kiligongwa, au kilishang'olewa kikauzwa chuma chakavu. Nyumba zimekwisha, pande zote mbili ni pori, nawe hujui kama umeachiwa au bado umebanwa. Mbele kidogo unasimamishwa na askari. Unaonyeshwa picha kwenye simu, basi lako hilo na namba zake, mwendo 57. Aliyeipiga hukumwona, alijibanza nyuma ya mti huko ulikotoka, akamrushia mwenzake. Unaandikiwa faini. Ubishe vipi, na abiria wako wanaangalia saa? Unalipa, na mara nyingi zinatoka kwenye posho yako mwenyewe.

Kingine kilichotuuma ni sheria kutubana sisi zaidi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka 50 kwenye makazi kwa wote, lakini ile 80 ya nje ya makazi inayahusu magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Gari dogo linakupita kama umeegesha, wewe ndiye unayepigwa tochi ya kupima mwendo.

Basi tukajitengenezea ulinzi wetu. Unayepishana naye akikuwashia taa mara mbili, ujue mbele kuna tochi, punguza. Akikuonyesha kiganja akikishusha chini, wako karibu kabisa. Tulisaidiana kweli, hata na mtu usiyemjua sura. Ila nikikaa kuuchambua ule udugu, naona ulikuwa na mpaka. Tuliokoana na faini, hatukuokoana na kifo. Dereva yuleyule aliyekuonya leo Mikese, siku mkielekea upande mmoja ndiye mtakayepigana naye ligi mkiingia Doma, yeye hataki kupitwa, wewe hutaki kubaki nyuma, na kila mmoja amebeba abiria zaidi ya hamsini.

Nenda Kitonga uone. Mlima una kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo. Uko nyuma ya semi inayojikokota. Utingo wa lori anachungulia mbele, dereva wake anawasha indiketa ya kushoto, maana yake njia nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia, tulia. Hiyo ndiyo lugha yetu, na ina adabu yake. Lakini tazama unachofanya: watu wote uliowabeba umewaweka mikononi mwa mtu ambaye hujui amelala saa ngapi. Tuliovateki hivyo miaka nenda rudi kwa sababu muda ulikuwa unatudai.

Aliyekuwa anaudai huo muda hakuwa dereva peke yake. Watu wakisikia ajali husema dereva alikuwa na kiherehere. Wengine tulikuwa nacho. Lakini nyuma ya dereva kulikuwa na tajiri, mwenye basi, na simu yake nilikuwa naijua kwa mlio. "Wenzako wameshaingia Makambako, wewe uko wapi?" Hakusema kimbiza. Alitaja tu basi la kampuni nyingine lilipofika. Na wewe huna mkataba, unafanya kazi kwa maneno ya mdomo, nje ya ofisi kuna deiwaka wanasubiri usukani wako. Nyuma yako abiria naye anapiga kelele: "Suka, kanyaga! Hili basi au mkokoteni?" Abiria huyohuyo, kukitokea neno, ndiye wa kwanza kusema alikuonya.

Aprili 2015 madereva tuligoma, Ubungo ikasimama. Magazeti yaliandika sana kuhusu kupinga kurudishwa darasani kila tunapohuisha leseni, na ni kweli tulilipinga. Lakini suala la mikataba ya ajira lilikuwemo pia, na kwangu ndilo lililokuwa kubwa. Mtu asiye na mkataba hawezi kumwambia mwajiri wake "siendi mwendo huo".

Kisha kikaja kifaa. Mfumo wa kufuatilia mabasi, ule tunaouita VTS, ulianza kufungwa kwenye mabasi ya mikoani mwaka 2017, wakati mdhibiti wa usafiri akiwa SUMATRA, na LATRA ilipochukua nafasi yake mwaka 2019 ikaendelea nao. Kijiweni tulisema sasa wametuletea tochi ya kukaa nayo ndani ya gari. Kwenye basi langu ukivuka 80 kinalia, na abiria wanasikia. Njia nzima, kwenye makazi na porini, mwendo wako unaonekana ofisini. Taa za mwenzako hazikusaidii tena, maana huyu hajajibanza nyuma ya mti wowote.

Kilichonibadilisha ni simu. Siku moja tuko Mikumi mjini, abiria wanachimba dawa, tajiri akapiga. Nikajiandaa kwa swali lile la kila siku. Akaniuliza: "Pale Doma umepitisha 80, kulikuwa na nini?" Leseni ya kusafirisha abiria ni yake, si yangu, na likiandikwa kosa linamfikia yeye. Mtu yuleyule, simu ileile, leo ananiomba nipunguze! Nilimjibu kwamba nilikuwa namaliza kulipita lori. Akasema haya, taratibu. Nilipokata simu nilimwangalia konda, tukacheka.

Kuanzia hapo nikaanza kupiga hesabu ambazo zamani sikuwa na nafasi ya kuzipiga. Chalinze hadi Morogoro ni kilomita kama 85. Ukienda 100 bila kupunguza popote, umeokoa dakika kama 13 kuliko wa 80. Dakika hizo zinaliwa zote na foleni ya mizani pale Mikese. Tena breki haihesabu kama mguu unavyohesabu: ukitoka 80 kwenda 100, nguvu inayotakiwa kulisimamisha basi inaongezeka zaidi ya nusu. Nikipita Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wanakimbilia dirishani hata kabla basi halijasimama. Pale 50 haihitaji askari wa kukueleza maana yake.

Na abiria naye amepata jibu. Akisema kanyaga, konda anamwambia asikilize kifaa kikilia, kisha ampigie simu tajiri amwombe ruhusa. Huwa hapigi. Nafika Mbeya nimechelewa kuliko zamani, lakini mabega hayaumi, na sina deni la ligi na mtu.

Sisemi mambo yamenyooka. Wapo wanaovichezea vifaa visitoe taarifa, na mara nyingi ni kwa baraka za wenye mabasi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, mwaka 2023, dereva wa pili amekuwa wa lazima zaidi, na bado kuna safari ambazo huyo wa pili yuko kwenye karatasi tu. Askari wa kujificha bado yupo, na nitaendelea kumlalamikia. Anayetaka dereva apunguze mwendo asimame aonekane. Kibao cha kumaliza 50 kirudishwe, kipigwe rangi. Dereva apewe mkataba wa maandishi. Kifaa kimemnyamazisha tajiri kwa sababu kinamgusa mfukoni. Mkataba ndio utakaompa dereva sauti hata siku kifaa kimeharibika.

Siku hizi napangiwa vijana kama madereva wa pili. Siwahubirii kuhusu ajali, wameziona. Nawaambia hivi: ukipigiwa simu ukaulizwa wenzako wako wapi, jibu kwamba hujui, wewe unajua ulipo wewe. Taja jina la kijiji, kata simu, endesha.